Oda si kivuli cha bidhaa

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo sitaki kuzungumzia simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona la kuchosha: jinsi ya kulichora duka ndani ya programu. Duka, bidhaa, mteja na oda. Vitu vinne tu! Ni nani asiyevijua? Hata mtoto anayetumwa dukani na shilingi hamsini anavijua.

Mimi pia nilidhani ninavijua. Basi naomba nianze kwa kuungama.

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mama mmoja programu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Simiti, mabati, misumari, rangi, mifereji. Wateja wake wengi hawanunui na kuondoka. Wanajenga pole pole, kwa hiyo wanaagiza leo, wanalipa kiasi, wanachukua mzigo kidogo, wanarudi mwisho wa mwezi. Alitaka oda ziingie kupitia tovuti na kaunta pia, na deni la kila mtu lionekane mahali pamoja badala ya kupekua daftari. Nikamwambia, mama, hiyo ni kazi ya wiki tatu.

Nikamaliza kwa wiki nne. Programu ilipendeza. Mama akafurahi, akanipa na soda.

Kisha bei ya simiti ikapanda. Mama akafungua ukurasa wa bidhaa, akafuta 650, akaandika 720, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kuna ubaya gani hapo? Ndivyo nilivyomfundisha.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba yake. Alikuwa ameagiza mifuko 40 bei ikiwa bado 650, jumla shilingi 26,000, na alikuwa amelipa 15,000. Alibakisha 11,000. Alipokuja kumaliza deni, kompyuta ikatoa karatasi inayosema jumla ni 28,800, na anadaiwa 13,800. Mama akamsomea alichokiona. Mwalimu akatoa mfukoni karatasi yake ya siku ya kwanza, imekunjwa vizuri, imeandikwa 26,000.

Hebu fikiria mbele ya kaunta kuna watu watano wanaosikiliza.

Mama hakuwa mwizi. Programu yangu ndiyo iliyomfanya aonekane mwizi. Mwalimu alilipa zile 11,000 zake, akaondoka, na kwa habari nilizo nazo hajarudi pale kununua hata msumari. Jioni mama akanipigia simu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, daftari langu la kurasa mia halijawahi kunibadilishia bei ya jana."

Kilichotokea ndani ya mashine

Kwa wale wasioandika programu, nieleze kidogo. Taarifa za duka hukaa ndani ya hifadhidata, na hifadhidata ni majedwali tu. Jedwali moja la bidhaa: jina, bei. Jedwali la wateja: jina, simu. Jedwali la oda: nani kaagiza, lini. Na jedwali la nne, la mistari ya oda: oda hii ina bidhaa gani na ngapi.

Katika jedwali hilo la nne mimi niliweka nambari ya bidhaa na idadi peke yake. Bei sikuiweka. Kwa nini niiweke, na tayari ipo kwenye jedwali la bidhaa? Kila mara oda ilipofunguliwa, programu ilikwenda kuitafuta bei kule, ikazidisha kwa idadi, ikatoa jumla. Kwa hiyo bei ilipobadilika leo, oda zote za jana, za juzi na za mwaka jana zilibadilika nayo. Oda yangu ilikuwa kivuli cha bidhaa. Bidhaa ikisogea, kivuli kinasogea.

Mtasema huo ni upumbavu. Hapana, huo ulikuwa usomi! Chuoni tulifundishwa kwamba kitu kimoja kiandikwe mahali pamoja tu. Wazo hilo linatokana na kazi ya Edgar Codd, mtaalamu wa IBM aliyechapisha mwaka wa 1970 makala yaliyozaa hifadhidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Na ni wazo zuri sana. Kama simu ya mteja imeandikwa mahali kumi, siku akibadilisha laini utasahihisha mahali tisa na kusahau pamoja. Kwa hiyo iandike mara moja, na wengine wote waielekezee kidole.

Jambo la kuchekesha ni hili. Kabla ya kuanza kazi ya mama, nilikuwa nimechungulia ndani ya osCommerce, programu huria ya maduka ya mtandaoni iliyoanza Ujerumani mwaka wa 2000. Nikaona kwamba jedwali lake la bidhaa zilizoagizwa lina safu ya nambari ya bidhaa, halafu pia lina jina la bidhaa, bei yake, na kiwango cha kodi. Nikacheka. Nikajiambia, tazama hawa wazee, wanarudia taarifa ovyo ovyo, hawakusoma! Nikayaandika majedwali yangu "safi".

Wazee walikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyesoma nusu.

Kosa langu halikuwa kumfuata Codd. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba bei ya simiti na bei aliyouziwa mwalimu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ya kwanza ni tangazo: "leo nauza hivi". Ya pili ni mapatano: "siku ile tulikubaliana hivi". Zimefanana kwa tarakimu siku moja tu, basi. Kesho kila moja inakwenda njia yake. Ukiziandika mahali pawili hujarudia chochote, umeandika habari mbili tofauti.

Msimamo wangu

Mimi nasema hivi: oda ni ushahidi. Ni kumbukumbu ya watu wawili waliopatana, na watu wawili wakishapatana, hakuna jedwali lolote pembeni lenye haki ya kubadilisha walichosema. Kila kilichokuwa sehemu ya mapatano kinakiliwe ndani ya oda siku ile ile, na kikae hapo.

Kitu gani kinakiliwe? Bei, bila shaka. Jina la bidhaa kama mteja alivyolisoma, kwa sababu mwenye duka anaweza kulibadilisha. Kipimo, kama ni mfuko, kilo au futi. Punguzo alilopewa. Mahali pa kupeleka mzigo. Na kodi, tena kwa kiwango chake.

Hapo kwenye kodi Wakenya tuna somo la bure. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudishwa 16. Kitu cha shilingi 1,000 kabla ya kodi kiliuzwa 1,140 mwezi wa Desemba na 1,160 mwezi wa Januari. Sasa chukua programu iliyoandika 16 mahali pamoja, katika mipangilio ya duka zima. Ukibadilisha kuwa 14, risiti zote za miaka iliyopita zinasema uongo. Ukirudisha 16, zile za miezi tisa ya katikati zinasema uongo. Halafu aje mkaguzi wa kodi akuombe nakala ya risiti ya mwezi wa Agosti 2020. Utamwambia nini? Kwamba kompyuta imesahau?

Nambari ya bidhaa iachwe kwenye oda pia, msiitupe. Inasaidia kujua kwamba mwaka huu mifuko mingapi imeuzwa. Lakini iwe ni ya kuhesabia tu. Isiwe ya kuulizia bei.

Na oda ikishakubaliwa, isihaririwe kimya kimya. Mteja akipunguza mifuko mitano, ongeza mstari unaosema imepunguzwa mitano, tarehe fulani, na aliyefanya hivyo. Tazama mwenye duka anavyofanya kwenye daftari. Akikosea hachani ukurasa. Anapiga mstari juu ya kosa, anaandika chini yake, na kosa lenyewe bado linasomeka. Hiyo si kukosa ufutio. Ni hekima ya biashara yenye umri mkubwa kuliko kompyuta zote.

Ugonjwa huu una ndugu zake

Baada ya fedheha ile niliipitia programu yote upya. Nikakuta ugonjwa ule ule kila mahali: vitu viwili tofauti nilivyovilazimisha kuwa kimoja.

Malipo. Nilikuwa nimeweka kwenye oda safu inayoitwa "imelipwa", jibu ni ndiyo au hapana. Hivyo ndivyo maduka ya mtandaoni ya ng'ambo yanavyofikiri: mteja anatoa kadi, pesa zinakatwa zote mara moja, mzigo unatoka. Je, ndivyo sisi tunavyonunua? Mwalimu yule alikuwa amelipa sehemu, kwa hiyo jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana. Tena M-Pesa ina kikomo kwa kila muamala. Kilipandishwa kufika shilingi 150,000 mwaka wa 2020, kisha 250,000 mwaka wa 2023. Mteja mwenye oda ya 400,000 hawezi kulipa kwa mara moja hata akiwa na pesa zote mkononi. Na wakati mwingine mtu anatuma 20,000 kulipia oda mbili.

Kwa hiyo malipo ni kitu kinachojitegemea. Kina jedwali lake: kiasi, tarehe, aliyetuma, nambari ya muamala. Kati yake na oda kuna jedwali jingine linalosema shilingi ngapi za malipo haya zimekwenda kwenye oda ipi. Deni haliandikwi popote, linahesabiwa. Na ile nambari ya muamala wa M-Pesa iwe ya kipekee ndani ya jedwali, ili ujumbe wa malipo ukiingia mara mbili kwa sababu ya mtandao mbovu, hifadhidata ikatae ule wa pili. La sivyo utamsamehe mtu deni ambalo hajalipa.

Bidhaa. Niliandika "mabati" kama bidhaa moja yenye bei moja. Mama akaniuliza, mabati gani? Kuna geji 28, 30 na 32. Kuna ya mita 2, mita 2 na nusu, na mita 3. Kuna rangi, tuseme nne. Zidisha uone: tatu mara tatu mara nne ni 36. Hakuna mtu anayenunua "mabati" hivi hivi. Ananunua geji 30, mita 3, nyekundu. Kwa hiyo kuna bidhaa, ambayo ni jina la familia, na kuna aina, ambayo ndiyo inayowekwa stoo, yenye bei, na inayobebwa na mkokoteni. Oda ielekee kwenye aina.

Kinyume chake ni mitumba. Nenda Gikomba uone. Kila koti ni koti la peke yake, hakuna la pili linalofanana nalo saizi, rangi na uchakavu. Ukimpa muuza mitumba programu inayouliza "una ngapi za aina hii?" atakutazama tu. Jibu lake daima ni moja, na likiuzwa halitarudi. Duka lake si sawa na duka la mama, na mchoro wake usiwe sawa.

Vipimo vina kesi yake. Misumari huingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, nusu kilo na robo. Ukihesabu stoo kwa katoni, baada ya wateja watatu utakuwa na katoni 0.95, na mwenye duka hajui hiyo ni nini. Chagua kipimo kidogo kabisa, hapa ni gramu, hesabu kwa hicho ndani ya mashine, kisha muonyeshe mtu kwa lugha yake.

Stoo. Nilikuwa na safu moja, "idadi iliyobaki". Kila mauzo yakiipunguza. Siku mifuko iliponyeshewa na kuganda, mama aliingia akapunguza tarakimu kwa mkono. Mwezi uliofuata hakuna aliyekumbuka mifuko saba ilikwenda wapi, na kijana wa stoo akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Idadi peke yake haiwezi kumtetea mtu. Andika kila mwendo: imeingia 100 kutoka kwa msambazaji, zimetoka 40 kwa oda fulani, zimeharibika 7 kwa mvua. Kilichobaki ni hesabu ya mienendo hiyo, na kila mfuko una habari yake.

Mteja. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunasema nambari ya simu ndiyo mteja. Lakini laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na nambari hiyo hiyo huuziwa mtu mwingine, ambaye atafungua tovuti yako na kukuta madeni ya mtu asiyemjua! Simu ni njia ya kumpata mteja tu. Na msimfungie mlango kwa kanuni finyu: nambari zinazoanza na 01 zilipoingia nchini mwaka wa 2019, programu zilizoandikwa kukubali 07 peke yake ziliwakataa watu wenye pesa mkononi.

Tena mtu anayeagiza, anayelipa na anayepokea wanaweza kuwa watatu. Kijana yuko Nairobi, anawajengea wazazi Kakamega. Mjomba ndiye anayeagiza kwa sababu anajua fundi anataka nini, kijana anatuma M-Pesa, baba anapokea mabati. Ukimpa mjomba peke yake nafasi kwenye oda, siku ya ugomvi utakosa mashahidi wawili. Na baba hana mtaa wenye jina wala nambari ya nyumba. Anwani yake ni "ukipita shule ya msingi, mlango wa kijani kabla ya kisima". Acha kisanduku kikubwa aandike hivyo, usimlazimishe kujaza msimbo wa posta.

Wanaonipinga

Wapo wataoniambia, ndugu, unajisumbua. Chukua programu iliyo tayari, WooCommerce au Shopify, mambo kwisha. Nakubali, kwa maduka mengi hilo ni jawabu zuri, na suala la bei kwenye oda wao walishalitatua zamani. Hata mimi ningemshauri mtu asianze kutoka mwanzo kama hana sababu. Lakini hata programu iliyo tayari ina duka fulani kichwani mwake. Kabla hujailipia iulize: mteja akilipa mara tatu utaandikaje? Nikiuza robo kilo utapunguza nini? Anayelipa asipokuwa anayepokea, unao mahali pa kumweka? Majibu yatakuonyesha ni duka la nani.

Mwingine atasema kunakili kila kitu kunajaza diski. Jina, bei na kodi ni herufi chache. Picha moja ya bati inakula nafasi kuliko maelfu ya mistari ya oda. Hiyo si hoja tena.

Hoja ninayoiheshimu ni hii: bei ikiandikwa vibaya, kosa litanakiliwa kwenye oda na kukaa humo. Kweli kabisa. Mama akiandika 65 badala ya 650, na mteja akaagiza, oda itasema 65. Lakini ndivyo mteja alivyoona! Kama mtakubaliana kurekebisha, rekebisheni kwa mstari mpya, nyote mkijua. Bora kosa linaloonekana kuliko usahihi unaojipenyeza usiku bila kuulizwa.

Nilivyolipa

Kurekebisha programu kulinichukua siku mbili. Safu nne mpya, msimbo kidogo. Kilichonishinda ni oda za zamani. Bei za wakati ule hazikuwepo tena, kwa sababu kila mara mama alipobadilisha bei, mpya iliandikwa juu ya ya zamani. Ilibidi tukae jioni tatu nyuma ya kaunta, mimi, mama na binti yake, tukipekua risiti na karatasi za msambazaji, tukijaza bei moja moja. Nyingi tulizipata. Nyingine hazikupatikana. Kwa hizo mama aliwapigia wateja akawauliza, "Wewe unakumbuka tulipatana ngapi?" na akaandika walichomwambia. Aliwaamini wao kwa sababu hakuweza kuiamini mashine yangu.

Pesa yangu ya kazi hiyo sikuidai.

Tangu siku ile nina desturi. Sichori jedwali hata moja kabla sijakaa nyuma ya kaunta ya mteja wangu siku mbili, nikiwa na daftari lake mkononi. Naangalia anaandika nini, anaacha nini, anapiga mstari wapi. Mara nyingi mchoro ninaoutafuta tayari umo mle, kwa wino wa buluu, umechorwa na mtu ambaye hajawahi kusikia neno hifadhidata.

Na wewe unayeanza kazi hii, fanya jaribio moja dogo leo. Fungua programu yako, tafuta oda ya zamani, andika jumla yake pembeni. Badilisha bei ya bidhaa moja iliyomo. Rudi uitazame ile oda. Kama jumla imebadilika, usilale kabla hujairekebisha, maana kuna mwalimu mahali fulani mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni.

Haya, alamsiki. Tukutane tena Mungu akipenda.